Kesho Sitakusogeza

Mwanangu Mabula,

Hujambo? Mimi sijambo, na leo nikiandika "sijambo" naomba uisome kama ilivyo, maana miaka mingi nimelitamka neno hilo huku nimekunja ngumi mfukoni.

Basi lako la kwenda chuoni Bukoba linaondoka alfajiri na umekwenda kulala mapema. Shangazi yako Holo ameshakueleza yote ya shuka, sabuni, neti na wasichana wa Bukoba, na kwa hayo ya wasichana naona alieleza mara mbili. Sina la kuongeza hapo. Mimi nina habari moja tu. Ni habari njema, ila barabara ya kuifikia ina mashimo, kwa hiyo univumilie.

Habari yenyewe imetokea leo mchana. Ulikuwepo, ila hukuiona.

Tulikuwa tunakula. Ulikuwa unatoa miiba ya sato kwa utulivu ule wako, kama fundi saa, kisha ukasema bila kuniangalia, "Baba, kesho usinisindikize. Nitachukua boda mwenyewe mpaka stendi."

Nikasema, "Sawa." Nikanawa mkono, nikatoka uani kwenye lile friza bovu tunamohifadhia barafu. Nikarudi ndevu zinachuruzika maji, nikakuuliza kama mchuzi umebaki. Ukanisogezea bakuli, ukaendelea na kichwa cha samaki. Ndivyo ulivyoona, siyo?

Sasa nikusimulie upande wa pili. Ulipolitamka hilo neno, masikio yalianza kuvuma. Yule mhutubu wa kichwani mwangu akasimama jukwaani. Anakuonea aibu, akasema. Amekuchoka. Akishavuka maji pale Busisi umempoteza, kama mama yake. Mwambie sasa hivi kwamba akienda asirudi. Huyo bwana unamfahamu, Mabula, maana mara nyingi nimemwazima mdomo wangu ukamsikia. Leo alikuwa ameshaufungua. Sahani ilikuwa karibu na mkono wangu, na mkono ulikuwa unaiwazia. Ile "sawa" ilikuwa ya kuomba njia tu nipite.

Uani nilitia bonge la barafu kwenye beseni la maji, nikavuta pumzi nikaibana, nikazamisha uso wote. Nikatoka, nikahema, nikazamisha tena. Siyo uganga. Uso ukiingia kwenye maji ya baridi kali huku pumzi umeibana, moyo wenyewe unapunguza mwendo, na mwili ukipoa yule mhutubu anakosa spika. Alinifundisha Ma Koku, mshauri wangu wa kliniki, mama wa Kihaya mwenye sauti ya chini na maneno yasiyopinda. Alinipima presha kwanza na kuniuliza kama moyo wangu una shida, kwa hiyo usije ukamfundisha mtu mwenye ugonjwa wa moyo kabla hajamwona daktari. Fikiria lakini: nimepasua barafu za wachuuzi wa samaki sangara tangu kabla hujazaliwa, nimezibeba mgongoni, na siku zote hizo sikujua kwamba hata mimi zilikuwa zinanihusu.

Nilipopoa nikajiuliza maswali tuliyozoeshwa kliniki. Mabula amesema nini hasa? Amesema atachukua boda. Basi. Hayo mengine ya aibu na kuchokwa na kupotea yamepikwa na nani? Nimeyapika mimi, na chumvi nimetia mwenyewe. Halafu: moyo unanituma nifanye nini? Unanituma nigombe, au nikulilie mpaka ukubali nikusindikize. Basi nifanye kinyume chake, na nikifanye chote, siyo nusu nusu kama mtoto anayetumwa dukani amenuna. Kinyume chake kilikuwa kurudi mezani na kula na mwanangu. Kwa hiyo ule mchuzi ulionipa ilikuwa dozi yangu.

Nilikaa pale nikatafuna, nikakuangalia huna habari, na nikataka kucheka kwa raha. Zamani ungeshajua. Zamani ungekuwa umeshanyanyua sahani zote umezificha jikoni. Leo ulikula kichwa cha samaki mpaka macho, na kwangu hiyo ni kama kusikia daktari anasema mgonjwa aruhusiwe.

Unajua hapa Igogo wananiita Mzee Nikusogeze. Ulipokuwa mdogo ulidhani ni jina la ukoo. Mgeni kwetu hatoki peke yake, hilo ni la mila na ni zuri. Unatoka naye, mkifika konani anakuambia, "Rudi sasa, kaka," nawe unamjibu, "Ngoja nikusogeze kidogo." Watu wenye akili timamu husogeza mpaka kwenye bomba la maji wakarudi. Mimi nilisogeza watu mpaka stendi, mpaka Kigongo, mpaka ndani ya kivuko. Baba yangu mdogo alikuja kutusalimia nikamsindikiza mpaka kwake Sengerema, nikalala huko, na asubuhi yeye ndiye akalazimika kunisindikiza mimi. Mtaa mzima ulicheka. "Luhende ana utu," walisema. "Wa kizazi kile." Wakanitolea mfano hata kwenye jumuiya.

Hakuna aliyeuliza kwa nini mtu mwenye utu namna hiyo anarudi nyumbani macho yamevimba, wala kwa nini mgeni aliyesindikizwa Jumapili kwa vicheko anatukanwa kwenye simu Jumanne kwa sababu hajapiga. Kwangu mtu alikuwa malaika au nyoka, na safari ya kutoka umalaika mpaka unyoka ilikuwa fupi kuliko kutoka hapa kwenda sokoni. Ugonjwa wangu ulivaa nguo ya heshima, watu wakaipisha njia.

Hapa nafika kwa mama yako. Nilikuambia alitutoroka. Nililisema hilo ukiwa na miaka minane na nikaliacha likue na wewe. Sikiliza sasa yalivyokuwa. Mama yako alijaribu kuniaga mara nyingi. Alipotaka kwenda kwao Shinyanga kumuuguza bibi yako, niligombana naye kutoka hapa mpaka stendi, nikapanda naye basi, nikaendelea na ugomvi mpaka abiria wakamhurumia, akashuka Misungwi tukarudi wote. Mara nyingine nilimwambia kwamba akiondoka atarudi kunizika. Nililisema mbele yako. Mwishowe aliondoka siku moja mimi nikiwa mwaloni, kwenye soko la samaki, na barafu zangu, kwa sababu nyumba hii haikuwa na namna ya kuagana. Akakupigia simu, nami nikaifungia namba yake. Hakukuacha wewe, Mabula. Alishindwa kupita kwangu kuja kukuambia. Najua mmeshaanza kuzungumza, na nafurahi. Bado inaniuma pia. Yote mawili ni kweli kwa wakati mmoja, na siku hizi naweza kuyabeba yote mawili bila kulazimisha moja limuue mwenzake.

Kisha ikaja zamu yako. Ulipochaguliwa bweni kule Sengerema nilikusindikiza, nani angenizuia. Tukavuka na kivuko, nikabeba tranka lako mpaka ofisini, nikakabidhi, nikaambiwa asante mzee. Sikurudi. Nilikaa kwenye genge la mihogo ng'ambo ya geti la shule siku tatu, nikilala kwa baba mdogo, nikisubiri saa ya mapumziko nikuone ukipita. Wenzako wakaanza kukuimbia wimbo. Siku ya nne ulikuja mwenyewe getini na tranka kichwani, ukasema, "Twende nyumbani, Baba." Nilijisikia mshindi. Kwenye kivuko nilikununulia soda na kuku wa kukaanga, nikakusimulia vichekesho, nawe uliangalia maji tu. Ulimalizia shule ya kutwa hapa mjini, ukirudi mapema kila siku kuangalia kama nipo salama. Hilo ndilo kubwa nililokunyang'anya, na sikunyang'anyi kesho.

Shangazi yako ndiye aliyekata shauri. Alikuja siku ya pili baada ya sisi kurudi na tranka, hakukaa hata kwenye kiti. "Kaka," alisema, "nimechoka kukuogopa. Huyu mtoto naye anakuogopa, na anakuogopea. Vaa viatu twende."

Nikamwambia nimeshahangaika vya kutosha. Nilikuwa nimeombewa, na maombi yalinifariji kweli, mpaka mtu mwingine alipoondoka. Mganga wa kule Magu alisema babu anadai mbuzi. Nikachinja mbuzi. Babu akanyamaza, mganga akashiba, hasira zikabaki palepale. Holo akasema, "Basi bado huko hujaenda," akanipeleka.

Ma Koku aliniuliza kitu ambacho hakuna aliyewahi kuniuliza. "Mtu akiondoka, kabla hasira haijaja, kinachotangulia ni nini?"

Nikasema hakuna. Akanyamaza. Kule wanajua kunyamaza, utadhani wanalipwa kwa hilo. Mwishowe nikasikia mdomo wangu unasema, "Nahisi nimekufa na hakuna aliyekuja msibani."

Ndipo akanisimulisha utoto wangu. Wewe hujawahi kusikia hili kwa sababu nami sikulihesabu kuwa ni jambo. Unajua tunavyofanya na watoto: mzazi akitaka kusafiri hamuagi mtoto, anamtoroka, ili asilie. Mama yangu aliniambia nikae nichezee magunzi uani kwa bibi, anakwenda kisimani. Alikuja huku Mwanza kutafuta kazi. Mavuno mawili yalipita kabla hajarudi. Hakuwa mama mbaya, alifanya walivyofanya wote, na watoto wengine waliofanyiwa hivyo walilia siku mbili wakasahau. Mimi nilikwenda kisimani kila siku. Wengine tunazaliwa ngozi ya moyo ikiwa nyembamba, kinachowaparuza wenzetu sisi kinatuchuna.

Ma Koku akanipa jina la shida yenyewe, shida ya haiba, yaani ya tabia na hisia za mtu, ile wanayoiita ya mpakani. Nikamwambia mpaka ninaoujua mimi ni wa Mutukula, wa kuingia Uganda. Alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akasema siyo pepo, siyo kichaa, wala siyo roho mbaya. "Hukuichagua," akasema, "na kuishughulikia ni kazi yako. Usichukue nusu moja ya sentensi hiyo ukaiacha nyingine." Nilimchukia wiki nzima. Halafu nikarudi.

Usidhani nilinyooka siku hiyo. Kikundi chetu cha Alhamisi kina mwalimu, mama lishe na dereva wa lori, na sote tumejifunza kwa kuanguka. Mimi nilianguka hata juzijuzi, ulisikia habari za yule mteja wangu aliyenunua barafu kwa jirani, nikamwaga maneno mbele ya watu mwaloni. Tofauti ni kwamba zamani ningemfuta maishani. Safari hii nilimfuata kesho yake nikamwambia, "Jana nilikosa, nilikutukana, na hukuwa na kosa." Akanitazama kama anayemtazama ng'ombe aliyezungumza. Sasa ananunua kwangu na kwa jirani, na mimi bado naishi.

Nilichojifunza kikubwa, nikikiweka kwa maneno yangu, ni kwamba hisia kali hupanda kwa fujo, hufika juu, kisha hushuka zenyewe usipozimwagia mafuta. Sikuwahi kulijua hilo kwa sababu sikuwahi kusubiri. Kila zilipopanda nilivunja kitu, au nilimkimbilia mtu, nikadhani kuvunja ndiko kulikozituliza. Umri wote huu, mwanangu! Ningeambiwa mapema ningeokoa sahani nyingi.

Sasa juu yako. Ulijifunza kujua hali ya hewa ya nyumba kwa mlio wa ndala zangu. Ukisikia naburuta, unazima redio. Ni ujuzi huo, na nina wasiwasi utausafirisha kwenda Bukoba pamoja na tranka. Mwenzako wa chumbani atanuna siku moja, nawe utaanza kutafuta kosa lako liko wapi. Muulize mara moja tu kama kuna jambo. Akisema hakuna, mwamini, kasome ufundi wako wa majokofu. Akikudanganya, huo ni mzigo wake. Na ukipenda mtu, usimpende kama mlinzi wa zamu. Hujui kupenda namna nyingine kwa sababu mimi sikukupa nafasi ya kujifunza, ila wewe ni mwepesi wa kushika mambo, wepesi huo umetoka kwa mama yako.

Na ikitokea siku mhutubu wangu akakuhamia wewe, usione haya na usisubiri mpaka ndevu ziwe na mvi kama zangu. Nenda kwa watu wa kazi hiyo. Uniambie au usiniambie, hiari yako.

Kuhusu simu. Nitakupigia Jumapili jioni. Nikikupigia mara tano mfululizo katikati ya wiki, usitoke darasani mbio. Maliza kipindi chako. Nina namba ya Ma Koku, nina shangazi yako, nina watu wa Alhamisi, na nikizidiwa najua mlango wa kliniki ulipo, hata usiku. Tumelipanga hilo pamoja wote, nikiwa na akili zangu. Katika mpango huo wewe una nafasi moja tu, ya mtoto. Nikikuandikia neno chafu, ujue nitarudi mwenyewe kulisafisha, wewe usilifute kwa kurudi nyumbani. Hata nikikuambia rudi. Hasa nikikuambia rudi.

Kesho nitaamka kabla yako nichemshe chai. Nitashuka nawe zile ngazi za mawe mpaka kwenye bomba la maji, kama watu wenye akili timamu, na hapo nitasimama. Utapanda boda yako. Daraja jipya nalo limenisaidia, maana zamani pale Kigongo mlikuwa mnasubiri kivuko na mtu kama mimi alipata muda wa kuwafikia. Siku hizi basi linapita moja kwa moja. Nitalia, bila shaka, nalia vizuri sana. Ukiniona, ujue ni machozi ya mtu anayeagana na mwanawe, hayana maagizo ndani yake.

Na nikushukuru kwa neno lako la mchana. Nimelitafakari tangu wakati ule. Mama yangu alisema anakwenda kisimani. Mama yako alingoja nitoke. Watu wangu wote wameondoka mgongo wangu ukiwa umegeuka, kwa sababu walimwogopa yule waliyekuwa wanamwacha. Wewe ulikaa mbele yangu na mwiba wa samaki mkononi ukaniambia saa, siku, na chombo utakachopanda. Hukuniogopa. Wewe ni mtu wa kwanza kuniaga, Mabula.

Nilikuwa nimalizie hapo, nije niiweke barua hii juu ya begi lako. Nimekuja nayo, na sasa naandika haya nimeiegemeza ukutani nje ya chumba chako, mwandiko unisamehe. Tangu mama yako alipoondoka hujawahi kulala na mlango umefungwa. Ulikuwa unauacha wazi unisikilize, nami nilijifanya nadhani ni joto. Leo umeufunga. Nimesimama hapa kitambo, mkono ukataka kuufungua, nikaurudisha.

Unakoroma, mwanangu. Unakoroma kama mtu aliyeachishwa kazi ya ulinzi. Barua naipitishia chini ya mlango.

Baba yako,
Luhende